Chupa Iliyozibwa Barabara

"Usiitazame taa, Inspekta. Tazama petroli."

Dancun, mkemia wa bohari ya mafuta ya Zingara pale Changamwe, alivuta pazia jeusi na maabara ikawa giza, ingawa nje jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati. Inspekta Lynnette Kaviha alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwemo. Konstebo Brian alisimama mlangoni.

Mkemia alitoa chupa ya kahawia kabatini, akaizibua, akamimina petroli kidogo katika bilauri. Aliizungusha bilauri mkononi kama mtu anayepoza chai. Kisha akawasha kurunzi ya mwanga wa zambarau.

Petroli iling'aa nyekundu, wekundu mtulivu uliojaa bilauri nzima.

"Hiyo ndiyo alama yetu," Dancun alisema. "Petroli yote inayoingia tangi letu tunaitia punje za alama, ndogo zisizoonekana kwa macho. Bohari nyingine hazina. Ikiwaka nyekundu, imetoka kwetu. Isipowaka, katafute kwingine."

"Na ile iliyokuwa kwenye pipa la Sarah Mramba haikuwaka."

"Hata kidogo. Ulikuwepo, uliona."

Kaviha aliona. Alikuwepo pia siku pipa lenyewe lilipochotwa, pale kibandani kwa Sarah huko Chaani, saa chache baada ya jiko la Kafedha kulipuka. Kafedha alikuwa akikaanga mahamri ya kuuza, na jiko alilijaza mafuta ya taa aliyoyanunua kwa Sarah asubuhi hiyo. Alifia hospitalini bila kuzinduka. Chupa tatu tupu, ambazo polisi waliziomba bohari ya Zingara kwa kuwa hawakuwa na zao, zilijazwa kutoka pipa lile kama utaratibu unavyotaka: moja ya polisi, moja ya mkemia wa serikali, moja ya mshukiwa mwenyewe. Baada ya hapo watu wa zimamoto walilimwaga pipa, kwa usalama. Mkemia wa serikali alitumia chupa yake yote, akaandika kwamba mafuta ya taa yalichanganywa na petroli. Petroli ya nani, hilo hakuulizwa, wala kurunzi ya namna hii hakuwa nayo.

Sarah alisema mafuta yake yaliletwa na lori la Zingara. Jina la dereva hakulitaja. Madereva wote wa bohari walihojiwa, wote wakakana. Ndipo Dancun alipoitwa kituoni na kurunzi yake, akazimulika chupa mbili zilizobaki mbele ya maafisa watatu. Zilitoa ubuluu hafifu, ule ambao mafuta yoyote hutoa chini ya mwanga huo. Wekundu haukuwepo. Kesho asubuhi Sarah angesimama mbele ya hakimu huko Shanzu kusomewa shtaka la kuua bila kukusudia.

"Nieleze zinawakaje," Kaviha alisema.

"Ripoti imeeleza."

"Ripoti imesema zinawaka. Mimi nauliza zinawakaje."

Dancun alivuta pumzi. "Punje ni kipande cha nusu-kipitishi, jamii ya kile kilichomo ndani ya simu yako, ila ni kidogo mno, hadubini ya shuleni haikioni. Mwanga ukiipiga punje, elektroni moja inaruka juu na kuacha pengo ilipokuwa. Elektroni na pengo lake vinavutana. Jozi hiyo tunaiita eksitoni. Elektroni ikirudi pengoni, nguvu iliyokuwa nayo inatoka kama mwanga mwekundu. Ni hivyo tu."

"Inarudi kila mara?"

"Inarudi."

"Kila mara?"

Mkemia alicheka kidogo. "Wewe ni mtu wa kuuliza mara mbili, Inspekta."

"Mara tatu, nisipojibiwa."

"Karibu kila mara."

Kaviha aliandika neno *karibu*. "Chupa za kituoni ulizimulika bila kuzifungua."

"Zina lakiri. Ningezifungua, wakili angesema nimetia kitu."

"Ni kweli. Hii umeifungua."

"Hii ni yangu."

"Na umeitikisa."

Dancun aliitazama bilauri. "Mazoea ya mkono."

"Hizi zako unaziweka kabatini, katika chupa za kahawia. Zile ulizotuletea sisi ni za kioo cheupe, na ulituambia tuziweke dirishani. Kwa nini?"

"Mvuke, Inspekta. Petroli ndani ya chumba chenye watu ni hatari."

"Chupa iliyojazwa hadi mdomoni, ikazibwa, kizibo kikafunikwa kwa nta. Mvuke unatokea wapi?"

Kurunzi ilizimwa. Dancun alilivuta pazia mpaka mwisho wa reli yake, na mwanga wa nje ukawafanya wote wapepese macho.

"Ilikuwa tahadhari tu," alisema. "Mtu akizidisha tahadhari ni kosa?"

Nje, malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka lango la bohari hadi barabara kuu, injini zikinguruma. Brian alisubiri wafike kwenye gari.

"Afande, huyo msee anajua kitu."

"Anajua vitu vingi. Ni mkemia."

"Namaanisha anaficha."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Bado."

"Basi tuseme hakujibu swali la dirisha. Hilo tunaweza kuliapia. Habari ya ule mtungi wa petroli uliopatikana uani kwa Sarah?"

Brian alifungua simu yake alikoandika. "Ni wa Cheryl, yule mwenye saluni ya jirani. Jenereta yake. Cheryl anasema alimwachia Sarah amwekee, na mwenye kituo cha mafuta anamkumbuka Cheryl, si Sarah. Lakini unajua vile mwendesha mashtaka atasema. Petroli ilikuwa kwake, pipa lilikuwa kwake."

"Atasema hivyo," Kaviha alikubali. "Na huenda ikawa kweli. Washa gari."

Daktari Philister alifundisha fizikia katika chuo kimoja upande wa kisiwani, na aliwapokea katika chumba kilichojaa viti vilivyovunjika vikisubiri fundi. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na alikula karanga muda wote wa mazungumzo. Kaviha alimsimulia habari ya bilauri, kabati na dirisha. Jina la mtu hakulitaja, wala la bohari.

"Karibu kila mara," Philister alirudia. "Huyo hakudanganya. Chupa zilioshwa na nini?"

"Zililetwa na bohari zikiwa safi."

"Nimeuliza zilioshwa na nini."

Brian alitabasamu akitazama sakafu. Kaviha alifikiri kidogo. "Boksi lilinukia spiriti. Na ndani ya chupa kulikuwa na unyevu. Nilidhani ni kawaida yao."

"Ni kawaida ya wengi. Sasa sikiliza. Eksitoni ni jozi, na jozi ikiachwa faragha inamaliza mambo yake, mwanga unatoka. Lakini tuseme ndani ya punje ile ile kuna elektroni nyingine, ya ziada, imekaa tu. Sasa wako watatu. Hiyo tunaiita trioni, eksitoni yenye chaji. Unafikiri kunatokea nini?"

"Fujo," Brian alisema.

"Hapana, mwanangu, giza. Jozi ikirudiana, nguvu yake haitoki nje tena. Anatupiwa yule wa tatu, anaruka nayo, inaishia kuwa joto. Punje iko pale pale, nzima. Ila haiwaki."

"Huyo wa tatu anaingiaje?" Kaviha aliuliza.

"Kwa jua na spiriti. Mwanga wa jua unaunda jozi. Spiriti inaliziba pengo kabla elektroni haijarudi. Elektroni inabaki haina pa kurudi. Jua likipiga tena, jozi mpya inamkuta yule pale ndani. Ziache dirishani siku kadhaa na karibu punje zote zitakuwa hivyo."

"Anatokaje?"

"Hewa. Oksijeni inapenda sana elektroni, inamchukua. Ungeiacha chupa wazi, au hata nusu tupu, hali hiyo isingedumu." Philister alikunja ganda la karanga ndani ya karatasi. "Mliijaza hadi mdomoni na kuiziba kwa nta. Mlifanya kazi nzuri sana."

Kaviha aliandika. Kalamu yake haikwenda haraka.

"Kwa hiyo mtu akiifungua na kuitikisa, itawaka."

"Sikusema hivyo. Nimesema kama punje zimo, *zinaweza* kuwa zimezimika kwa njia hii. Kama hazimo, mtafungua, mtatikisa, mtakaa hapo mpaka kesho, na mtaona ubuluu ule ule. Giza la aina zote mbili linafanana kwa nje."

"Uko tayari kuja kituoni kushuhudia?"

"Nitamaliza karanga zangu njiani."

Mwendesha mashtaka alijibu simu mara ya kwanza, na jibu lake lilikuwa fupi: chupa ya polisi ni kielelezo, haiguswi bila amri ya hakimu. Kaviha alimuuliza kuhusu chupa ya mshukiwa.

"Hiyo ni mali yake," mwendesha mashtaka alisema. "Akitaka anaweza hata kuinywa. Lakini mwonye, Inspekta. Akishaifungua, hataweza kumpelekea mtaalamu mwingine akasema haijaguswa. Ndiyo kinga yake ya pekee."

Sarah Mramba aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amejifunga leso mbili, kiunoni na mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya mafuta ya taa yasiyotoka kwa sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hata leo unaniamkia."

"Bado sijaona sababu ya kuacha." Kaviha aliweka chupa mezani, kando ya kisu kidogo na kurunzi ya zambarau aliyokuja nayo Philister. Ilikuwa na jina la Sarah juu ya karatasi, na nta nyekundu kizibo kizima. "Huyu ni Daktari Philister. Si wa polisi, na si wa bohari. Nataka akueleze jambo, kisha uamue mwenyewe."

Philister alieleza tena, safari hii bila kutaja trioni. Sarah alisikiliza akiikodolea macho chupa.

"Kwa hiyo yule bwana wa kurunzi alikosea," alisema.

"Huenda," Kaviha alijibu. "Na huenda hakukosea. Nataka unielewe vizuri. Ikifunguliwa na ikawaka, petroli ilitoka bohari, na nitakwenda Shanzu kesho kusema hivyo, na nitaomba ya polisi ifunguliwe mbele ya hakimu. Ikifunguliwa na isiwake, huna kitu kingine mkononi. Unaweza kukataa. Unaweza kungoja upate wakili. Hakuna atakayeandika kwamba ulikataa kwa sababu una hatia."

"Ikiwaka, mtamtafuta nani?"

Brian, aliyekuwa akirekodi kwa simu, aliinua macho.

"Aliyeyaleta," Kaviha alisema. "Unamjua?"

"Nimeuliza tu."

"Mama Sarah, watu wanaofungiwa kwa kosa la mtu mwingine huuliza watatoka lini. Wewe umeuliza nitamtafuta nani."

Sarah aliivuta leso ya mabegani. Nje mtu alikuwa akibishana na askari wa kaunta kuhusu pikipiki yake iliyokamatwa, na maneno yake yote yaliingia chumbani.

"Nikwambie kitu," Sarah alisema mwishowe. "Tangu yule bwana aseme haiwaki, silali. Si kwa kuogopa jela. Kulikuwa na mtungi wa Cheryl uani, ule wa jenereta. Asubuhi ile nilijaza pipa mapema, kabla hakujapambazuka vizuri. Mitungi yote ni ya njano. Nimejiuliza kila usiku: nilinyanyua upi? Kafedha alikuwa akinisalimu kila siku, mwanangu. Mtoto wake mdogo alikuwa akija kununua kwa kikombe. Kama nilinyanyua ule wa Cheryl, basi mimi ndiye niliyemuua, na nipelekeni. Kama sikuunyanyua..."

Aliisogeza chupa karibu naye.

"Kama hukuunyanyua, ni mtu usiyetaka awe yeye," Kaviha alisema.

"Nipe kisu."

"Mama, fikiria..."

"Nimefikiria, tena kwa muda ambao wewe hujafikiria. Nipe kisu hicho."

Kaviha alitaja tarehe na majina ya waliokuwemo kwa sauti ili simu ya Brian iyanase. Philister alithibitisha kwamba lakiri haijavunjwa. Sarah mwenyewe aliikata nta, akang'oa kizibo. Harufu ilijaa chumba. Philister alimimina kiasi katika bilauri safi, akaizungusha, akaiweka mezani. Brian alifunga dirisha na kutundika koti lake juu ya pazia.

Kurunzi iliwashwa.

Ubuluu. Ule ule wa siku ile.

Philister aliizima kurunzi, akaizungusha bilauri tena, polepole, akaiacha. Mtu wa pikipiki kule nje alikuwa amepandisha sauti. Kurunzi iliwashwa mara ya pili, na ubuluu ukawa pale pale, na Sarah akatoa pumzi ndefu iliyosikika kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi ni mimi," alisema.

"Ngoja," alisema Philister.

Alimimina mafuta kutoka bilauri moja kwenda nyingine, akirudisha, mara kadhaa, kama muuza kahawa. Akawasha tena. Kaviha aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na meza. Juu kabisa, pale mafuta yalipokutana na hewa, palikuwa na uzi mwekundu. Haukuwa mnene kuliko ukucha. Philister alimimina tena. Uzi ukawa utepe. Aliendelea kumimina, naye Brian akaisogeza simu karibu, mpaka bilauri yote ikawa nyekundu na mkono wa Philister ukaonekana kwa mwanga wake.

"Rekodi inaonyesha?" Kaviha aliuliza.

"Inaonyesha, afande. Yote."

Koti liliondolewa dirishani. Sarah alikuwa analia bila sauti, na haikuwa furaha.

"Ni nani, mama?"

"Ndugu yangu wa tumbo moja. Kalama Nyale. Mama yetu alifariki Kalama akiwa hajaanza shule, nimemlea mimi. Ni dereva pale Zingara." Alijifuta kwa pindo la leso. "Lori likishashusha mafuta, kuna masalio yanayobaki ndani ya tangi lake. Huyatoa kwa mtungi, akaniletea. Aliniambia ni mafuta ya taa matupu, na mimi sikumuuliza mara mbili. Yule bwana aliposema petroli haikutoka bohari, nilijua Kalama si yeye. Mwanzo sikumtaja kwa kuwa ni ndugu yangu; baada ya hapo sikuona haja. Nilijua ni mimi, na yeye yuko salama."

"Alikuja kukuona hapa?"

"Hakuja. Nilisema anaogopa askari, alikuwa hivyo tangu utotoni." Alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu. Nataka aje mwenyewe. Akija mwenyewe ni afadhali, sivyo?"

"Ni afadhali sana."

Simu ilitolewa kwenye bahasha ya mali yake. Kaviha alimwomba aweke sauti ya nje, na Sarah akakubali. Iliita mara mbili tu.

"Dada! Wamekuachia?"

"Bado niko kituoni, Kalama."

"Wamekupa simu? Wanasemaje?"

"Chupa yangu iko mbele yangu. Ile niliyopewa siku ile."

Upande wa pili injini ya lori ilinguruma, kisha ikazimwa.

"Dada, sikiliza. Usiifungue."

Kaviha aliinua kichwa. Philister aliacha kutafuna.

"Kwa nini, Kalama?"

"Usiifungue tu. Ikikaa ilivyo, hawana la kusema juu ya bohari, na wewe ni mama mzee, mjane, utahurumiwa, utapewa kifungo cha nje. Watu wa bohari wameniahidi. Ikifunguliwa tumekwisha wote. Umenisikia? Dada?"

Sarah hakuwa amemtajia Kalama neno kufungua, na siri hiyo angeweza kuipata kwa mkemia wa bohari tu. Kaviha aliandika maneno ya Kalama kama yalivyotoka, akamgeuzia Brian ukurasa auone, na chini yake akaongeza: *Dancun. Asitoke bohari.* Brian alimkabidhi Philister simu inayorekodi, akatoka bila kufunga mlango kwa kishindo.

"Kwa hiyo ulijua," Sarah alisema.

"Nini?"

"Ulijua si mimi. Siku zote hizi ulijua, ukaniacha nijidhanie."

"Dada, si hivyo, nilikuwa natafuta njia..."

Sarah aliilaza simu mezani, kioo kikitazama chini. Hakuikata. Sauti iliendelea kutoka chini yake, ikimwita, ikieleza, ikimwita tena. Alisubiri mpaka Kaviha akafungua ukurasa mpya.

"Andika, mwanangu. Usiku huliegesha lori Miritini, nyuma ya gereji ya kwanza ukitoka barabara kuu. Huwa analala humo humo ndani." Alikaza leso yake mabegani. "Na msimpige."